Tusome tucheke, Kiswahili si cha mtihani na kambi pekee

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili, na kwamba kitahiniwe. Wapenzi wa lugha hii tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu ya kushangilia. Hata hivyo, sisi tunaoishi huku Rubongi, karibu na mji wa Tororo, ambako mtu aweza kunywa chai Uganda na kula chamcha Kenya, tuna neno la kuongeza. Neno lenyewe ni hili: mtoto akikutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza katika karatasi ya mtihani, yamkini atakiogopa maisha yake yote. Heri akutane nacho kwanza katika kitabu cha kumvunja mbavu.

Najua wapo watakaoguna. Watasema bei ya mahindi imewashinda watu, ushuru unawaumiza, na mwandishi huyu anatuletea habari za vitabu vya kuchekesha! Naomba watulie, wanitegee sikio. Jambo ninalolizungumzia linahusu mfuko wa mfanyabiashara na heshima ya mtu aliyerejea nyumbani kuliko linavyoonekana kwa nje.

Tuanze na historia, maana mgema hawezi kutengeneza tembo asioujua mnazi wake. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili kiliingia maishani mwao kikiwa kimevaa buti. Ndiyo iliyokuwa lugha ya askari tangu enzi za mkoloni, na Idi Amin alipotoa amri mwaka 1973 kuifanya lugha ya taifa, raia wa kawaida hakusikia habari za Shaaban Robert. Alisikia “Simama!” na “Lala chini!” kwenye vizuizi vya barabarani. Hapa Rubongi tuna kambi ya jeshi, na si ajabu kumpata bibi kizee anayejua maneno thelathini ya Kiswahili, yote yakiwa ya kuamrishwa. Mama kama huyo ukimsalimu kwa Kiswahili, kwanza huangalia mlango uko wapi.

Kikaja Kiswahili cha pili, cha sokoni. Hiki hakina buti lakini hakina starehe pia. Ni lugha ya “punguza”, “ongeza”, “deni langu liko wapi” na “mzigo umefika?” Sisi wafanyabiashara wa Busia na Malaba tunakitumia kuanzia alfajiri hadi jioni, kisha tukifika nyumbani tunakivua kama koti la kazi na kuzungumza Dhopadhola, Ateso, Lusamia au Luganda. Utani, masimulizi na mambo ya moyoni tunayaweka katika lugha za mama zetu. Kiswahili tunakiachia hesabu.

Sasa serikali inatuletea Kiswahili cha tatu, cha mtihani. Wenzetu wa Kenya wana uzoefu mrefu wa jambo hili, na nimekaa kwao na kusomea huko kabla ya kurejea Rubongi, kwa hivyo nayasema niliyoyaona. Mwanafunzi anapewa riwaya nzuri ya Kiswahili. Badala ya kuisoma, anaifanyia upasuaji: hapa jazanda, pale kinaya, dondoo hili limesemwa na nani na kwa nani. Anapomaliza Kidato cha Nne anaifunga riwaya hiyo na hafungui nyingine hadi uzeeni. Ukimwuliza kama Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora kilimfurahisha, atakutajia maudhui manne na kushindwa kukumbuka kama aliwahi kucheka hata mara moja.

Hoja yangu basi ni kwamba lugha uliyoamriwa kwayo, ukauziwa kwayo na ukatahiniwa kwayo bado haijawa yako. Inakuwa yako siku unapocheka ndani yake. Mtu hacheki katika lugha ya kuazima, kwa sababu mzaha hutaka uwe umejua neno, umejua kinyume chake, na umemjua jirani anayelitamka.

Isitoshe, watu wa mpaka huu wana kipaji cha mzaha huo tangu zamani. Chukua neno “boda boda”. Lilizaliwa huku kwetu mpakani, pale vijana wenye baiskeli walipobeba watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, lililogeuzwa likakaa vizuri mdomoni. Leo linatamkwa Kampala na Nairobi, na hata kwenye sheria za nchi. Au chukua “mafuta mingi”. Baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, wananchi waliwabandika matajiri hao wapya jina hilo. Mwalimu wa sarufi atalipiga mstari mwekundu, kwani inapasa kuwa “mafuta mengi”. Lakini tazama kazi lililofanya! Katika nchi ambayo mtu angeweza kupotea kwa kusema neno moja, raia waliichukua lugha ya askari wakaitumia kuwacheka walioneemeka chini ya askari hao. Lau mwalimu angetangulia kufika na kalamu yake nyekundu, mzaha huo usingezaliwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Sarufi ni muhimu, na mtoto afundishwe upatanisho wa ngeli hadi aujue. Ninachopinga ni kutanguliza ngeli na kusahau kicheko, kama mtu anayemfundisha mtoto majina ya mifupa ya samaki kabla ya kumwonjesha mchuzi.

Msomaji ataniuliza, je, vitabu vyenyewe viko wapi? Viko, tena vya zamani na vya karibuni. Cha kwanza ni Hekaya za Abunuwasi. Kila mfanyabiashara anapaswa kukijua kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kijisufuria ndani yake na kusema imezaa. Jirani anafurahi na kupokea vyote viwili. Safari nyingine Abunuwasi anaazima tena, hairudishi, na akiulizwa anajibu kwa huzuni kwamba sufuria imefariki. Jirani akipiga kelele, anaulizwa: uliposikia imezaa ulikubali, mbona kufa hutaki?

Niliwahi kuwasimulia akina mama kisa hiki pale Malaba tulipokuwa tukingoja lori la mitumba lililokwama kwenye msururu. Kabla sijafika mwisho, mmoja wao alipiga kofi pajani akasema, “Baba, huyo jirani namjua, tena ana deni langu la miezi miwili!” Wakaanza kusimuliana visa vya wadeni wao, kwa Kiswahili, kwa muda mrefu. Hakuna aliyeangalia mlango uko wapi. Hayo ndiyo maarifa ya mkopo na faida, yamefundishwa na sufuria, bila semina wala posho ya chakula.

Kitabu cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, na kikachapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu. Watu wanatetemeka na kusema hiyo ni kazi ya mizimu. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, mtu mtaratibu anayeuliza maswali madogo madogo hadi ukweli unachoka kujificha. Sitasema muuaji ni nani, maana nitakuwa nimewaibia utamu.

Ninachotaka mkione ni jinsi kitabu hicho kilivyochanganya mambo. Ni hadithi ya upelelezi kama zile za Sherlock Holmes wa Waingereza, ni hadithi ya kutisha ya mizimu, na ni kichekesho cha watu wa shamba wanaojua habari za kila mtu isipokuwa zao. Vyote vimo ndani ya jalada moja. Abdulla aliendelea na mchanganyo huo katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na vingine vilivyofuata.

Sisi wa mpakani twapaswa kukiona kitabu cha namna hiyo kama ndugu. Mtu wa huku anapoibiwa bidhaa huenda polisi asubuhi na kwa mganga jioni, halafu usiku husimulia yote mawili kwenye chungu cha malwa, mrija mdomoni, watu wakicheka hadi machozi. Hatuishi maisha ya rafu moja. Kwa nini basi tulazimishwe kusoma vitabu vya rafu moja?

Cha tatu kinatoka Uganda kwenyewe. Okot p’Bitek wa Gulu alikitunga kwa Kiacholi, akakitoa kwa Kiingereza mwaka 1966 kama Song of Lawino, na Paul Sozigwa akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 1975 kwa jina Wimbo wa Lawino. Wasomi wamejiuliza kama hicho ni shairi, wimbo au tamthilia ya mtu mmoja. Mimi nasema ni vyote hivyo, na juu yake ni masuto ya mke kwa mume. Lawino anamsuta mumewe Ocol kwa kuudharau utamaduni wake na kufuata vya Wazungu, na anamrarua mpenzi mpya wa mumewe, Clementine, kuanzia poda ya usoni. Jopadhola ni wa ukoo mmoja wa lugha na Waacholi na Wajaluo wa Kenya. Msomaji wa Rubongi akikishika kitabu hicho kwa Kiswahili atasikia nyuma ya maneno sauti ya shangazi yake. Huyo ndiye mtu atakayeamini kwamba Kiswahili chaweza kubeba mambo ya kwao, wala si amri za kambini tu.

Cha nne ni Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1995. Hiki kinamrusha mhusika wake, Dzombo, kutoka nchi ya dhuluma hadi ulimwengu mwingine kwa chombo cha angani, kwa hivyo kina sayansi ya kubuni. Kina dhihaka ya watawala, kina falsafa, na kina utani wa majina unaomfanya msomaji asimame na kutabasamu. Jina lenyewe la Walenisi, ukilikata vipande, linasema “wale ni sisi”.

Wale ni sisi! Nani mwingine angelielewa jina hilo kama mtu wa Busia, mji mmoja wenye jina moja uliokatwa na mpaka? Shangazi yuko ng’ambo, kaburi la babu liko huku. Mkenya anapomsema Mganda na Mganda anapomsema Mkenya, sisi wa katikati hatujui tumtetee nani, maana wale ni sisi.

Najua pingamizi kubwa litakalotolewa. Litasema kwamba kicheko ni cha walioshiba, na kwamba mtu aliyepitia taabu anahitaji vitabu vizito vya mafunzo. Pingamizi hilo halijui vichekesho hutoka wapi. Katama Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka 1986, kabla ya kutuandikia Walenisi. Mwaka huo huo Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya Whispers iliyowachekesha Wakenya kila wiki, alitiwa ndani katika msako wa waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, akafungwa miezi kumi na mitano. Alipotoka aliandika riwaya kama Three Days on the Cross (1991) na Jail Bugs (1992), na Whispers akaendelea kuwachekesha watu kwa Kiingereza kilichotiwa viungo vya Kikuyu na Kiswahili hadi mwandishi wake alipofariki mwaka 2003. Watu hao hawakucheka kwa kuwa hawakujua mateso. Walicheka kwa kuwa waliyajua, na hawakutaka mateso yawe ndiyo neno la mwisho.

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na ndugu zangu waliorejea. Mpaka huu umebadilishana wakimbizi kwa zamu. Katika miaka ya Amin na vita vilivyofuata, Waganda wengi walikimbilia Kenya. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, zamu ikageuka: maelfu ya Wakenya walivuka kuja Uganda, na kambi ikafunguliwa pale Mulanda, katika wilaya hii yetu ya Tororo. Wengine walirudi, wengine walihamishiwa mbali zaidi, wengine waliolewa na kubaki.

Anayerejea hurudi na lugha iliyochanganyika, na hiyo ndiyo aibu yake ya kwanza. Mtoto aliyelelewa Kitale au Eldoret akiletwa shule ya huku anachekwa kwa Kiswahili chake, anaitwa mtoto wa askari. Aliyelelewa Tororo akipelekwa Kenya anachekwa kwa kukosa Kiswahili, akipewa sifuri katika insha ilhali ana akili kama za wenziwe. Wote wawili hujifunza kunyamaza. Nimewaona watoto wa namna hiyo, na nakwambia, msomaji, mtoto anayenyamaza darasani huzoea kunyamaza kwenye ofisi ya forodha, kwenye benki na mbele ya hakimu. Hasara yake haiishii shuleni.

Mtoto huyo mpe Abunuwasi. Mpe Bwana Msa. Usimwulize swali lolote. Atajikuta anacheka, na anayecheka kitabuni amekwisha kuingia ndani ya lugha bila kubisha hodi. Atagundua pia kwamba kuchanganya si kosa la waliohamahama pekee. Waandishi mahiri hufanya hivyo makusudi na husifiwa kwalo.

Pingamizi la pili ni la pesa na wakati. Pesa ni kweli ni shida. Maduka mengi ya vitabu ya miji yetu huweka vitabu vya shule tu, kwa sababu mwenye duka anajua mzazi hanunui kingine. Hapo wafanyabiashara tunayo nafasi. Sisi ndio tunaojua kupitisha mahindi, maharagwe, mitumba na mayai kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018 na marais wa nchi zote mbili, msafiri anahudumiwa na maafisa wa pande zote mahali pamoja. Anayekwenda Nairobi, Kisumu au Eldoret kuleta mali aweza kuongeza vitabu viwili vya hadithi kwenye mzigo wake. Kitabu hakiozi kama nyanya wala hakivunjiki kama yai. Kikisomwa na watu kumi, cha kumi na moja bado atakikuta na maneno yote.

Na wakati tunao, tena tele. Ni nani asiyejua kungoja huku mpakani? Tunangoja lori, tunangoja karatasi, tunangoja mteja aliyesema “nakuja sasa hivi”. Saa hizo tunazimalizia kwa umbeya na simu. Mmoja wetu anayesoma vizuri aweza kusomea wenzake sura moja kwa sauti. Wasiojua kusoma watacheka sawa na wanaojua, na pengine watacheka zaidi, kwa kuwa wao ndio mabingwa wa masimulizi.

Kwa walimu na wakuza mitaala ninayo rai moja tu. Kiswahili kikishakuwa somo la kutahiniwa, tengeni angalau kipindi kimoja kwa wiki ambacho mwalimu atasoma hadithi ya kuchekesha na kufunga kitabu. Pasiwe na dondoo, pasiwe na maswali, pasiwe na alama. Mkiona watoto wanagombania kukiazima kitabu kengele ikilia, jueni kazi imefanyika, na hata ngeli zitakuja zenyewe kwa urahisi zaidi.

Uganda ilikiandika Kiswahili katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Kenya ikakipa hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya taifa katika Katiba ya 2010. Karatasi zimefanya yake. Zilizobaki ni nyumba, vibanda na vyungu vya malwa, ambako hakuna katiba inayoweza kuamuru mtu aipende lugha. Kwa huko tutamtuma Abunuwasi na sufuria yake. Huyo hajawahi kusimamishwa na kizuizi chochote.